Radhi za Kwenda Florence

Zainabu mwanangu,

Shuleni Tanga tulifundishwa kwamba barua inaanza na salamu zisizo na idadi, halafu hali, halafu ndiyo unasema shida yako. Salamu tulishapeana asubuhi, ukaniitikia na mswaki mdomoni. Hali yangu unaijua: nimetoka zamu, miguu imevimba, na chai niliyojimiminia imepoa bila kuguswa. Basi nianzie kwenye shida.

Kesho unapanda ndege kwenda Florence, na bado hujapata jibu langu. Umeniomba radhi uende nazo. Nami nimekujibu "kula kwanza", nimekujibu "funga hilo dirisha", nimekujibu "nani kahamisha chaja yangu". Leo umekwenda Campbelltown kuwaaga rafiki zako, na safari ya treni ya kurudi huku kwetu Rooty Hill, upande mwingine wa Sydney, ni ndefu, kwa hiyo nimekaa mezani niandike mpaka nijue mwenyewe ninajibu nini. Kwa sababu kusema kweli sijui. Nikianza sentensi nasema nenda, nikifika katikati yake nasema keti.

Mambo ya sweta, barakoa, cheti cha chanjo na kunipigia simu sitayaandika. Hayo nimeyasema mpaka na wewe unayasema kwa sauti yangu, tena unaniiga vizuri, shetani wewe.

Nataka nikueleze Ulaya. Najua utacheka. Hiyo Ulaya umeisoma, umeitafuta kwenye simu, unajua mchoraji gani alizaliwa wapi na alifia wapi. Mimi niliishia kidato cha nne, na huko nilikwenda wiki chache tu nikimsukuma Bibi Joan kwenye kiti cha magurudumu. Lakini kati yetu wawili aliyefika ni mimi. Nisikilize.

Bibi Joan unamkumbuka, yule mzee niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake. Alifundisha kuchora shuleni maisha yake yote, na macho yake yakawa yanazimika kuanzia katikati. Pembeni anaona, katikati ukungu. Akataka kwenda kuziaga picha alizozipenda tangu usichana wake. Wanawe hawakuwa na nafasi. Akasema basi, nitakwenda na Mwajuma. Ilikuwa mwanzo wa mwaka ule wa korona, wakati habari zake bado tunazisikia kama ugomvi wa mtaa wa pili. Nikakuacha kwa Mama Divine, jirani yetu Mrundi, mara ya kwanza kulala mbali nawe tangu baba yako arudi Dar.

Kazi zangu zilikuwa mbili: kusukuma kiti, na kumwambia Bibi picha zina nini.

Tulianzia Paris. Mimi nilidhani Ulaya kila kitu kipya. Kumbe kila kitu kizee, na uzee wenyewe wanaujivunia. Kwetu ukuta ukipata ufa unaona aibu, unaupaka chokaa kabla wageni hawajafika. Kule ufa unawekewa taa na kamba, watu wanapanga foleni kuutazama. Kahawa yao iko kwenye kikombe kidogo kama cha wauza kahawa wa kwetu, nikafurahi, nikajiona nimefika nyumbani, nikaomba kashata. Mhudumu akaniletea sukari. Na barabara za mawe, nzuri sana kwenye picha! Msukume mtu juu yake ndipo utajua. Bibi Joan akiongea sauti ilikuwa inatoka vipande vipande kama ya mtu aliyepanda trekta.

Tukaenda kumwona yule mwanamke wa kwenye picha ambaye dunia nzima inamjua.

"Unaona nini, Mwajuma?"

"Migongo ya watu, Bibi."

Kweli. Watu wametoka mabara yote, wakifika wanampa mgongo ili wajipige picha naye. Mlinzi akakiona kiti, akafungua kamba, tukawekwa mbele kabisa.

"Haya, sasa?"

"Ni ndogo."

"Najua ni ndogo. Yeye mwenyewe yukoje?"

"Hana nyusi. Anatutazama kama mwenye duka ambaye ameshajua kwamba hununui, unashikashika tu."

Bibi alicheka mpaka mlinzi akajuta kutufungulia kamba.

Amsterdam nayo nyumba nyembamba, zimeegemeana kama watu wanaotoka harusini alfajiri. Na madirisha hayana pazia! Sisi tunaotundika pazia hata kwenye mlango wa jikoni. Watu wamewasha taa, wamekaa mezani na familia zao, wewe mpita njia unawaona mpaka punje ya sahanini. Nikawa nasukuma kiti uso chini, kwa adabu.

"Wanakula nini?" Bibi akaniuliza.

"Bibi, si vizuri kuchungulia."

"Mimi sichungulii, sioni. Wewe niambie."

"Viazi."

"Na nini?"

"Bibi!"

"Mwajuma, na nini?"

"Samaki."

Akaridhika, tukaendelea.

Lakini ni Amsterdam hiyo hiyo iliyonisimamisha. Kuna picha ya mtumishi wa kike anamimina maziwa. Basi. Hakuna malaika, hakuna farasi, hakuna mfalme. Mikono ya nguo yake imekunjwa mpaka kwenye kiwiko, na chini ya pale ilipokunjwa ngozi ni nyekundu ya maji baridi. Nikamwambia Bibi: "Huyu yuko kazini." Bibi akangoja niendelee. Nilikuwa najiuliza huyo mchoraji alikaa wapi. Maana mimi nikiwa kazini hakuna anayekaa. Watu wanapita, wanainua miguu nipitishe ufagio, wanashusha. Huyu mtu alikaa, akatazama maziwa mpaka yakawa hayaishi.

Tukafika Florence. Huko unakokwenda. Huko, mwanangu, ndiko akili yangu ilikoniacha.

Sanamu kila pembe. Uwanjani, barabarani, juu ya milango. Siku ya kwanza upepo ulikuwa mkali, nikataka kumvalisha Bibi sweta, mikono miwili haitoshi, nikautundika mkoba wake kwenye mkono wa sanamu moja nyeupe iliyokuwa karibu. Nikamvalisha, nikafunga vifungo, nikageuka kuchukua mkoba. Sanamu ikanikonyeza.

"Audhubillahi!" Njiwa wote wa uwanja ule waliruka.

"Kuna nini?" Bibi akauliza.

"Sanamu ina macho!"

"Zote zina macho, Mwajuma."

"Hii inayafumba!"

Kumbe ni mtu kajipaka rangi nyeupe, amesimama pale anatafuta riziki. Alinipa mkoba kwa heshima zote, na akainama. Tangu hapo sikuliamini jiwe lolote. Siku iliyofuata, ndani ya makumbusho, nikamkuta mzee wa mawe amekaa, ndevu mpaka kifuani, mshipa wa shingo umemtoka. Nikasimama. Nikafikiri: kama ni mtu, kwa umri ule kumpita hivi hivi ni ukosefu wa adabu. Nikamwambia taratibu, "Shikamoo." Nikasubiri marahaba. Haikuja. Nikapita.

Kuna na yule kijana mkubwa wa jiwe asiye na nguo hata ya kujifutia jasho. Sitamweleza.

"Yukoje?" Bibi akauliza.

"Ana mikono mikubwa."

"Na kwingine?"

"Kwingine sijafika."

Baada ya hapo zikaanza za mama na mtoto. Chumba cha kwanza, mama na mtoto. Cha pili, mama na mtoto. Nguo ya bluu, mtoto ana sura ya mzee wa baraza. Nikachoka, nikawa nasema tu, "Mama na mtoto, Bibi. Tena mama na mtoto." Akaniambia, "Hawafanani. Tazama mikono." Nikatazama. Kuna mmoja, mtoto anajipinda atoke mapajani, anakitaka kitu kilicho nje ya picha, hakionekani. Mama mkono mmoja umemshika kiunoni. Wa pili uko wazi, chini ya mguu wake, kama anampa pa kukanyagia. Na uso wake hautazami mtoto wala hicho kitu. Hautazami popote.

"Huyu amechanganyikiwa," nikamwambia Bibi.

"Anamshika au anamwachia?"

"Sijui. Hata yeye hajui."

Nilikufikiria wewe pale, uko kwa Mama Divine unakula wali wa maharage, na nikataka kurudi siku ile ile. Haikupita wiki, wahudumu wa hoteli wakaanza kuvaa barakoa, wanawe Bibi wakapiga simu wanapiga kelele, tukafungasha. Tulipotua Sydney nilikukumbatia hadi ukasema, "Mum, I can't breathe." Muda mfupi baadaye mipaka ikafungwa.

Sasa hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe, Zainabu. Miezi ile ya kufungiwa ndani, helikopta zinazunguka juu ya mapaa yetu kama tumeiba kitu, ukawa huna shule ya kwenda wala rafiki wa kumwona. Jioni nikirudi kazini unanikalia kwenye kochi: "Tell me the statue one." Nakueleza sanamu. Unataka viazi, nakueleza viazi. Unataka yule wa maziwa. Mimi nilidhani nakupitishia muda. Sikujua nakupandia mbegu. Ukaanza kuchora nyuma ya maboksi ya vifurushi, ukutani, kwenye bahasha za bili.

Halafu ukanichora mimi. Nimelala kwenye kochi na nguo za kazi, alama za barakoa mashavuni, kiatu kimoja nimevua na kimoja bado, mdomo wazi. Nilikasirika, unakumbuka. Nikakuambia mtoto mwenye adabu hamchori mama yake mdomo wazi. Nikasema mengi. Ukaniacha nimalize, ukasema kwa Kiswahili chako hicho cha kuchechemea: "Lakini Mama, wewe ulisema yule wa maziwa ni nzuri kwa sababu yuko kazini."

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ni picha hiyo hiyo uliyowapelekea watu wa Florence, wakakukubali ukajifunze kutengeneza picha za zamani zilizochakaa. Kwa hiyo mdomo wangu wazi umeshafika kabla yako. Na mimi niliyekupeleka huko kwa hadithi zangu, ndiye huyo huyo niliyekaa miezi hii nikikuambia picha si kazi, nani anavuka dunia kwenda kutia viraka kazi za watu waliokufa. Unanielewa? Mimi sijielewi.

Kisha ikaja ile ya wiki iliyopita. Ulikuwa unafuta meza. Ukasimama, ukashika kitambaa kwa mikono miwili, ukasema kwa sauti ya kukariri: "Mama, niwie radhi."

Moyo wangu uliruka. Nikasema, alhamdulillah, mtoto ameghairi. Amekaa, amefikiri, anaomba msamaha kwa kunisumbua. Nikakukumbatia. "Nimekusamehe mwanangu, yamekwisha." Ukalia, nami nikalia. Ukaenda kulala unaimba. Nikampigia Mama Divine hapo hapo.

"Haendi tena!"

"Weye! Haendi?"

"Ameomba radhi mwenyewe, sijamlazimisha."

"Bon! Huyu mutoto iko na akili. Kesho ninaleta sombe."

Akaleta kweli, sufuria zima la sombe, kisamvu chao cha mawese, na kitenge kipya amejifunga. Ukatukuta sebuleni.

"Zainabu, asante sana kwa kubaki na mama," akakwambia.

"Kubaki? No, I'm going. Mama alisema sawa."

"Nilisema sawa nini?"

"Niliomba radhi. You said yamekwisha. You hugged me!"

Mama Divine alitutazama wote wawili, akafunika sufuria lake. "Sombe hii sasa ni ya furaha ao ya matanga? Muniambie nijue sura ya kuweka."

Hapo ndipo nilipojaribu kukufundisha. Nikakuambia niwie radhi ni nisamehe. Ukitaka baraka za mama unasema nipe radhi zako. Ukakunja uso.

"So sorry na bless me ni neno moja?"

"Si moja."

"Radhi na radhi."

"...Ni moja."

"Mama, that's so confusing."

Ulisema kweli. Nimeishi na neno hilo maisha yangu yote sijawahi kulitazama. Na tangu siku ile umeliomba tena, sawasawa, kwa ufasaha, na mimi nakuuliza habari za chaja.

Ninachoogopa nitakuambia. Sio Waitaliano. Sio hata korona, nimeshawaosha wagonjwa wake na niko hapa. Naogopa mlango. Bibi yako Tanga alipozidiwa, mipaka imefungwa, nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka nchi hii kama mfungwa anayeomba maji. Nilimzika kwa simu. Shangazi yako ameishika, naona mchanga, naona miguu ya watu, naona mbingu, inakatika. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu umenishika kidole. Tangu hapo kila mtu akitaja uwanja wa ndege mimi nasikia komeo. Leo mlango umefunguliwa. Nani atanihakikishia kesho? Wakiufunga tena, wewe uko upande gani na mimi niko upande gani?

Hilo ndilo lililo nyuma ya "picha si kazi". Picha ni kazi. Nimeiona kwa macho yangu, na nimeisimulia kwa mtu asiyeona.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijakueleza. Mimi nilipoondoka Tanga na wewe mgongoni, bado binti mdogo mimi mwenyewe, bibi yako alikuwa amenuna. Hakulia, hakunishikilia. Alisimama mlangoni, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Radhi zangu unazo, nenda," kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku. Akaingia ndani, hakutoka tena. Miaka yote niliyokaa hapa niliamini kwamba alinipa radhi za mdomoni tu. Kila kitu kilichoniharibikia, ndoa, kazi, nilijiambia ni kwa sababu mama hakuwa radhi kweli. Nilikuwa naona aibu kumuuliza.

Siku moja karibu na mwisho, amepewa simu kitandani, nikamuuliza. "Mama, siku ile ulikuwa radhi nami?"

"Siku ipi?"

"Nilipoondoka."

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema unazo. Lakini ulinuna."

"Sasa ulitaka nicheke? Unamchukua mjukuu wangu, uji nimekupikia hukuumaliza, halafu nicheke?" Akakohoa, akapumzika. "Kununa nilinuna. Na radhi nilikupa. We mtoto, nani alikwambia mambo hayo mawili hayakai nyumba moja?"

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za kituo cha treni mpaka treni mbili zikapita.

Basi hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu nikae hapa mezani. Nilikuwa nasubiri nifurahi kwanza ndipo nikujibu. Nimejipa muda, nimejitazama, furaha sijaiona. Sitafurahi kesho, wala tukifika uwanja wa ndege, na wala usinitegee kunipiga picha nikitabasamu pale. Moyo wangu unakwenda mbele unarudi nyuma, na nadhani utaendelea hivyo mpaka nizeeke, hata ukiwa na wajukuu. Lakini kumbe si lazima utulie ndipo nitoe nilicho nacho. Mama yangu alitoa na uso umekunjwa, na kikafanya kazi.

Ukikuta huko mtu anakutazama mpaka moyo wako unapoa, mtazame na wewe kabla hujamwamini. Ukikosea, rudi. Ukiona aibu kurudi, rudi na aibu yako, tutaila pamoja na ugali. Sina jingine.

Nimesikia komeo la geti, ndiyo wewe unaingia, unaburuta miguu kama kawaida yako. Nitakupa karatasi hizi, na ukikwama usome na Mama Divine, ila yeye atalia, mwandalie kitambaa. Hili la mwisho nimelichagua kwa maneno yasiyo na maana mbili, ulielewe mwenyewe bila mkalimani.

Ndiyo. Nenda.

Mama yako, ambaye amenuna,
Mwajuma